Amri, Huria au Mpangilio: Namna Tatu za Kulisha Nyumba, na Kila Moja Inavyogusa Uzito

"Maliza chakula." Nimekua na maneno hayo mawili. Sahani ilipakuliwa na mtu mzima, kiasi kiliamuliwa na mtu mzima, na kazi ya tumbo langu ilikuwa kutii. Miaka mingi baadaye, siku moja jioni, nilijikuta nikiyatamka kwa sauti ileile mbele ya mtoto wangu aliyekuwa ameweka kijiko chini kwa sababu ameshiba. Nilinyamaza kabla sijamaliza kusema. Alikuwa anausikiliza mwili wake vizuri kabisa, na mimi nilikuwa nataka kumfundisha asiusikilize.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikitazama nyumba za watu na kuitazama ya kwangu, nikitafuta jibu la swali moja: nyumba ilishwe vipi ili uzito wa waliomo usipande kupita kiasi, na bila kugeuza kila mlo kuwa vita? Nyumba nyingi nilizozitazama zinaingia katika moja ya namna tatu. Kuna nyumba ya amri, ambako mkubwa anaamua kila kitu hadi tonge la mwisho. Kuna nyumba ya huria, ambako kila mtu anakula anachotaka, saa anayotaka, popote alipo. Na kuna nyumba ya mpangilio, ambako wakubwa wanaamua kinacholiwa, saa na mahali, kisha anayekula anaamua mwenyewe ale kiasi gani.

Sitakuficha msimamo wangu: nachagua ya tatu. Lakini mbili za kwanza zina sababu zake, na hakuna mzazi anayezifuata kwa ubaya, kwa hiyo nitazilinganisha kwa haki.

Kabla ya kulaumu sufuria

Ziko familia ambazo wote wanakula chungu kimoja, na bado mmoja ni mwembamba kama ufito na mwingine ananenepa mwaka hadi mwaka. Wanaosema unene uko kwenye damu hawakosei. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark waliokuwa wamelelewa na wazazi wasiowazaa. Uzito wao ulifuata ule wa wazazi waliowazaa, si wa wale waliowalea. Mwaka 1990 wakatoa matokeo ya pacha wa kufanana waliotenganishwa na kukulia nyumba tofauti, na miili yao ilikaribiana karibu sawa na ya pacha waliokua pamoja.

Ukiishia hapo utasema basi, hakuna la kufanya. Mimi pia nilisema hivyo kwa muda, mpaka nilipokutana na uchunguzi wa Uingereza uitwao Gemini, unaofuatilia pacha waliozaliwa mwaka 2007. Watafiti wake walizipima nyumba zenyewe: vyakula gani vimo, runinga inatawala kiasi gani, watoto wana nafasi gani ya kucheza. Mwaka 2018 walieleza walichokiona kwa watoto wa miaka 4. Katika nyumba zenye vishawishi vingi vya kunenepa, urithi ulieleza asilimia 86 ya tofauti za uzito, kwa kuzingatia urefu, kati ya mtoto na mtoto. Katika nyumba zenye vishawishi vichache ulieleza asilimia 39.

Matokeo hayo yalinibadilisha mawazo. Kinachorithiwa kwa sehemu kubwa ni hamu: kuna mtoto anayevutwa haraka na harufu na sura ya chakula, na ambaye shibe yake huchelewa kusikika; na kuna mwingine anayesahau kabisa kwamba saa ya kula imefika. Mtoto wa kwanza akiwa katika nyumba ambayo biskuti zimekaa wazi mchana kutwa, anashawishiwa kila anapopita. Akiwa katika nyumba ambayo hazionekani, tabia ile ile imelala. Damu haibadiliki, ila nyumba inaweza kuiamsha au kuiacha ilale.

Kwa hiyo tunapolinganisha namna za kula hatutafuti wa kumlaumu. Mzazi mwenye mtoto mnene huenda anafanya sawasawa na jirani mwenye mtoto mwembamba. Tofauti ni kwamba mtoto wake ana hamu inayohitaji nyumba iliyopangwa vizuri zaidi.

Nyumba ya amri

Ukali wa mezani una sura mbili, kulazimisha na kukataza, na mara nyingi zinakaa kwa mzazi mmoja. Analazimisha mboga, anakataza vitamu. Kisha anaziunganisha: "Ukimaliza mboga utapata peremende." Katika sentensi hiyo mtoto anajifunza kwamba mboga ni kibarua na peremende ni ujira, na hakuna anayependa kibarua kuliko ujira.

Leann Birch, mtafiti wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyojifunza kula, alilipima jambo hili kwa njia nyingi. Watoto wadogo waliohimizwa wamalize supu walikula kidogo kuliko walipoachwa bila kusemeshwa, na waliilalamikia zaidi. Watoto waliowekewa kitafunwa mbele ya macho yao na kukatazwa kukigusa walizidi kukitaka, kukizungumzia na kukila kwa wingi kikiachiwa. Na mabinti ambao mama zao waliwabana sana chakula wakiwa na miaka 5 walikuwa, walipofika miaka 9, wakila zaidi hata pale ambapo hawana njaa.

Ukijua mwili unavyofanya kazi, haya hayashangazi. Tumbo tupu hutoa homoni ya ghrelini inayoamsha njaa. Chakula kikiingia, tumbo hutanuka, utumbo hutoa homoni nyingine, na habari hupanda ubongoni kupitia neva na damu: inatosha. Habari hiyo haifiki papo hapo. Mwili huhitaji takriban robo saa hadi dakika 20. Mtoto mdogo ana usikivu mkubwa wa habari hii. Lakini usikivu huo unachakaa. Mwaka 2000 Barbara Rolls na wenzake waliwapa watoto sahani za ukubwa tofauti. Wale wa miaka mitatu hivi walikula kiasi kilekile hata sahani ilipojazwa. Wale wa miaka mitano walikula zaidi kadiri walivyopakuliwa zaidi. Katika miaka miwili tu, macho yalikuwa yameanza kulishinda tumbo. Kila "maliza chakula" ni somo moja zaidi la kumfanya mtoto aitazame sahani badala ya kujisikiliza.

Mzazi wa amri anastahili kuelewewa. Wengi wao wamewahi kuijua njaa, au wamelelewa na watu walioijua, na kwao sahani iliyobaki chakula ni tusi kwa jasho la aliyekitafuta. Naiheshimu sana sababu hiyo. Jibu langu kwao ni moja tu: pakua kidogo, atakayetaka aongezwe. Chakula kilichobaki sufuriani kinaweza kuliwa kesho. Kilichosukumwa ndani ya tumbo lililoshiba kimepotea vilevile, na kimeacha madhara.

Nyumba ya amri ina faida pia, na ni lazima tuitaje. Kwa kawaida ina saa za kula zinazojulikana, ina chakula kilichopikwa, na watoto hawali wakizurura. Yote hayo ni mema, na yote yanahamia katika nyumba ya mpangilio bila kubadilika. Kinachoachwa nyuma ni ile sehemu ya mwisho tu, ya kuliamrisha tumbo la mtu mwingine.

Nyumba ya huria

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Walimaanisha kwamba ukaidi hufundishwa na maumivu. Kwa chakula, methali hiyo inashindwa, kwa sababu wembe huu haukati leo. Soda ya asubuhi haimwumizi mtoto jioni. Maumivu yanakuja miaka ishirini baadaye, kwa jina la kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu au magoti yanayouma, na wakati huo hakuna anayekumbuka wembe ulianzia wapi.

Watetezi wa huria hupenda kumtaja Clara Davis, daktari wa watoto wa Marekani ambaye katika miaka ya 1920 aliwaacha watoto waliokuwa ndio kwanza wanaachishwa ziwa wachague wenyewe cha kula, bila mtu mzima kuwashawishi. Watoto walikua vizuri, wakijipangia milo ya ajabu lakini iliyotosha. Ushahidi huo ni wa kweli, ila mara nyingi unasimuliwa nusu. Davis aliwapangia orodha ya vyakula 34, vyote vya asili na vilivyoandaliwa kwa urahisi, bila sukari ya kuongeza, bila vya makopo. Uhuru ulikuwa ndani ya uzio, na uzio uliwekwa na mtu mzima. Ukiniuliza, ule ulikuwa mpangilio safi kabisa, huria haikuwepo.

Uzio ukiondolewa, hata mtu mzima mwenye akili timamu anashindwa. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, waliwaweka watu wazima 20 hospitalini kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula kiasi anachotaka. Walipokuwa kwenye vyakula vya kusindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku, na kwa wiki mbili waliongezeka wastani wa kilo 0.9. Kwenye vyakula vya kawaida walipungua kiasi hichohicho. Hakuna aliyewaamuru waongeze wala wapunguze. Kilichobadilika ni kilichowekwa mbele yao.

Tatizo la pili la huria halizungumzwi sana: kudokoa kutwa. Mtu anayekula kidogo kidogo kila nusu saa hafiki mezani akiwa na njaa, na haondoki akiwa ameshiba. Anakaa katikati siku nzima. Mzazi anaona mtoto hali chakula cha jioni, anaingiwa na huruma, anampa kitafunwa usiku, na asubuhi mduara unaanza tena. Nimeona nyumba kadhaa zinazoitwa "za watoto wasiopenda kula" ambazo tatizo lake halikuwa kupenda. Watoto walikuwa wameshajaa maziwa matamu na biskuti saa moja kabla ya mlo.

Skrini inamalizia kazi. Anayekula akitazama runinga au simu hasikii habari ya shibe inapofika, na mkono unaendelea kwenda na kurudi.

Nyumba ya mpangilio

Aliyeieleza namna hii kwa uwazi ni Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, tangu miaka ya 1980. Aliiita mgawanyo wa wajibu. Mzazi anawajibika kwa mambo matatu: nini kinaliwa, saa ngapi na wapi. Mtoto anawajibika kwa mawili: ale au asile, na kama anakula, kiasi gani. Kila upande ukae kwenye sehemu yake.

Inasikika rahisi. Si rahisi. Sehemu ya mzazi inadai kazi kabla ya saa ya kula: kufikiria kitakacholiwa, kununua, na hasa kutonunua. Chakula ambacho hakikuingia nyumbani hakihitaji kukatazwa, na hapa ndipo mpangilio unapoishinda amri kwa mbali. Mzazi wa amri ananunua biskuti kisha anazilinda kabatini siku saba. Mzazi wa mpangilio hazinunui wiki hii, au ananunua chache na kuziweka pamoja na mlo mmoja kama sehemu ya chakula, bila masharti. Hakuna mlinzi, kwa hiyo hakuna mwizi.

Sehemu ya pili inadai ukimya, na ukimya ni mgumu kuliko kupika. Mtoto anagusa mboga, anaisogeza pembeni, anakula vingine, anashuka. Mzazi hasemi kitu. Kesho kutwa mboga inarudi mezani, kidogo, bila hotuba. Majaribio ya Birch na ya wengine yameonyesha kwamba mtoto mdogo anaweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wanasema "huyu hapendi mboga", na jina hilo likishamganda mtoto anakua nalo.

Na yule aliyekataa chakula chote? Hapikiwi kingine. Pia hasemwi, haadhibiwi. Mlo unaofuata una saa yake na uko karibu. Watoto wadogo wanahitaji milo mitatu na vitafunwa viwili hivi vilivyopangwa, na katikati ni maji. Mtoto mwenye afya akila kidogo mchana atafidia jioni au kesho. Kwenye karatasi nimeandika kwa utulivu, lakini nakumbuka usiku wa kwanza nilipojaribu: moyo uliniuma mpaka asubuhi. Alipoamka alikula kuliko siku zote.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Ukitoka kwenye amri kwenda mpangilio, wiki za kwanza mtoto huweza kula kupita kiasi, hasa vile alivyokuwa akinyimwa, kwa sababu bado haamini kwamba vitarudi. Ukitoka kwenye huria, atalia saa zisizo za kula. Vyote viwili hupungua mtoto akishauona utaratibu ukirudi kila siku bila kuyumba. Anayeacha katika wiki ya pili ameacha kabla haujaanza kufanya kazi.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Jambo | Amri | Huria | Mpangilio |
|---|---|---|---|
| Anayeamua kinacholiwa | Mkubwa | Kila mtu | Mkubwa |
| Anayeamua kiasi | Mkubwa | Kilichopo na hamu | Anayekula |
| Vitamu | Marufuku, au zawadi | Wakati wowote | Vina siku na mlo wake |
| Anachojifunza mtoto | Kuitazama sahani | Kuifuata hamu | Kuisikia njaa na shibe |
| Kazi ya mzazi | Kubwa wakati wa mlo | Ndogo leo, kubwa baadaye | Kubwa kabla ya mlo |

Mstari wa mwisho, wa kazi ya mzazi, ndio wa kuutazama unapochagua. Hakuna namna isiyo na kazi.

Upo uchunguzi uliozitazama namna za malezi kwa ujumla, si mezani peke yake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walifuatilia watoto 872 hadi darasa la kwanza. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya uzito uliozidi walikuwa watoto wa mama wakali wasio na upole. Wa mama wa huria walifuata. Walio salama zaidi walikuwa wale ambao mama zao walikuwa na mipaka na upole kwa pamoja. Wengi hudhani ukali ndio dawa ya unene, kwa hiyo matokeo hayo yanafaa kurudiwa.

Kupakuliwa au kujipakulia

Hili ni jambo dogo lenye matokeo ya haraka. Watafiti waliokuwa wakipima ukubwa wa sahani waliwaruhusu watoto wajipakulie wenyewe chakula kikuu, na wakala asilimia 25 pungufu kuliko walipopakuliwa sahani kubwa. Kwa hiyo mtoto aliyefikisha umri wa kushika kijiko cha kupakulia, mwachie, umpe kijiko kidogo na sahani inayolingana naye. Atakosea mara chache. Kwa watu wazima nashauri kinyume kidogo: pakueni jikoni, sufuria zibaki huko, mboga na matunda yakae mezani. Anayetaka kuongeza atasimama, na katika kusimama huko atapata nafasi ya kujiuliza kama bado ana njaa.

Kula pamoja au kila mtu na saa yake

Mwaka 2011 watafiti Hammons na Fiese walikusanya chunguzi 17 zenye watoto na vijana zaidi ya 180,000. Waliokula na familia mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na uzito uliozidi, kwa asilimia 12, kuliko waliokula pamoja kwa nadra. Walikula vyakula vyenye afya zaidi pia. Asilimia 12 si muujiza, na lazima nikumbushe kwamba familia zinazokaa pamoja huenda zina mambo mengine mazuri, kama muda na utulivu. Lakini tazama kiwango chenyewe: mara tatu kwa wiki. Wazazi wanaofanya kazi za zamu na wanaojilaumu kwa kukosa jioni nyingi wanaweza kupumua. Na mlo wa pamoja unaweza kuwa kifungua kinywa.

Muda wa kukaa nao una uzito. Watafiti wa Ujerumani waliwaalika wazazi 50, kila mmoja na mtoto wake, jioni mbili. Jioni moja walikaa mezani kwa muda wao wa kawaida, wastani wa dakika 20 hivi. Nyingine wakakaa dakika kumi zaidi. Walipokaa zaidi, watoto walikula vipande saba hivi zaidi vya matunda na mboga, na walikula polepole, na wakaondoka wakijisikia kushiba zaidi, bila kuongeza mikate wala vitamu. Matunda na mboga vilikuwa vimekatwa vipande vidogo vya kutosha mdomo. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2023, na kwangu ndiyo badiliko la bei nafuu kuliko yote: kisu, dakika kumi, na simu zikiwa chumba kingine.

Kumtenga mmoja au kubadilika wote

Hapa nitasema kwa nguvu, kwa sababu nimeona mtoto akiumizwa. Mmoja ameambiwa ana uzito mkubwa, basi anapikiwa chake, sahani yake ndogo, na ndugu zake mbele yake wanakula vingine. Anayepanga hivyo anadhani anamsaidia. Kinachotokea ni mtoto kujifunza kula kwa siri.

Leonard Epstein, mtafiti wa Marekani, aliwafuatilia watoto wenye uzito uliozidi kwa miaka 10. Kundi ambalo mzazi na mtoto walibadilika pamoja lilikuwa bado limepungua baada ya miaka hiyo. Kundi ambalo halikuwekewa lengo kwa mzazi wala mtoto lilikuwa limeongezeka. Moria Golan wa Israeli alikwenda mbali zaidi: aliwalinganisha watoto waliofundishwa wenyewe kupungua na watoto ambao wazazi wao tu ndio waliofundishwa, watoto wakiachwa nyumbani. Baada ya miaka saba, waliopungua zaidi walikuwa wale ambao wazazi wao peke yao ndio waliohudhuria. Mtoto hanunui, hapiki, hapangi saa. Kumpa yeye mzigo ni kumpa asiyeshika usukani.

Na maneno? Tafiti za vijana wa Minnesota, Marekani, zimeonyesha kwamba wazazi wanaozungumzia uzito na ukubwa wa mwili wana watoto wanaoelekea zaidi kujinyima na kutumia njia mbaya za kupungua, wakati mazungumzo ya chakula chenye afya hayana mwelekeo huo. Usimwite mtoto kibonge, hata kwa mapenzi. Usiuseme vibaya mwili wako mbele yake pia, anasikia.

Uanzie wapi, kulingana na nyumba yako

Kama mna mtoto chini ya miaka mitano, acheni kulazimisha kwanza, kabla hamjagusa kitu kingine. Usikivu wake bado ni mzima, na kuulinda ni rahisi kuliko kuurudisha.

Kama mna kijana wa miaka kumi na kitu, nusu ya anachokula hukioni. Usipeleleze. Shika kilichomo nyumbani na milo mitatu ya pamoja kwa wiki, na mpe mlo mmoja wa kupika yeye. Kinywaji chenye sukari ndicho cha kuondoa mapema: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na soda moja ya nusu lita hubeba kiasi kinachokaribia au kupita kikomo hicho kwa mtu mzima wa kawaida. Maji yakiwa baridi na yakiwa karibu, ugomvi unapungua.

Kama ni wawili tu, mke na mume, msidhani haya hayawahusu. Nicholas Christakis na James Fowler, wakitumia kumbukumbu za watu zaidi ya 12,000 za miaka 32, waliona mwaka 2007 kwamba mwenzi mmoja akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mwingine kufuata huongezeka kwa asilimia 37. Chagueni jambo moja, mlifanye wawili.

Kama nyumbani kuna bibi, babu au dada msaidizi anayewalisha watoto mchana, kaeni naye kabla ya kuanza. Anayelisha kwa mapenzi akisikia "usimpe" anaumia. Mwambie anachoweza kumpa na saa ya kumpa. Mpangilio wa jioni hauwezi kushindana na huria ya mchana kutwa.

Kuna wakati ambapo haya yote yanangoja. Mtoto anayepungua uzito, asiyekua kwa urefu, anayekabwa au kutapika anapokula, mwenye kisukari au anayetumia dawa zinazogusa hamu ya kula, aanzie kwa daktari. Vivyo hivyo kijana anayejificha kula, anayejitapisha au anayeogopa chakula.

Na mizani? Kwa mtoto, iacheni kliniki. Mtoto anayekua mara nyingi hahitaji kupunguza kilo; anahitaji uzito wake upande polepole huku urefu ukimfikia, na hilo huonekana kwa miezi, kwenye chati ya ukuaji, si kwa wiki. Nyumbani kwetu tulihesabu vitu vingine: jioni ngapi tumekaa wote, mara ngapi nimenyamaza, na mara ngapi mtoto amesema "nimeshiba" na sahani ikaondolewa bila neno.